Kifuniko cha Buli

Kabla uwanja mpya wa ndege wa Doha haujafunguliwa, nilikuwa mhudumu katika mgahawa wa Kichina pale mtaa wa Al Sadd, na nilimwonea kijicho mwenzangu Mkenya hata chakula kikawa hakinishuki. Wageni wa Kichina walimpenda yeye tu. Mzee wao mmoja, aliyekuja kila Ijumaa, alikuwa na tabia ya kufungua buli la chai na kukiacha kifuniko upande. Mimi niliyelelewa Tanga, ambako chai haiachwi wazi, nikapita nikalifunika. Akalifungua. Nikalifunika tena, moyoni nasema, huyu mzee vipi! Mwenzangu akaja na maji ya moto, akajaza buli, mzee akatabasamu.

Jikoni aliniambia kwa upole kwamba kwa Wachina, kufungua kifuniko ndiko kuomba chai iongezwe. Ule upole ndio ulionichoma.

Ijumaa iliyofuata yeye alikuwa mapumzikoni. Kifuniko kilipofunguliwa tu, nilishafika, nikajaza. Mzee akaniitikia kwa kichwa, kisha akachungulia nyuma ya bega langu, akimtafuta yeye.