Pweza Niliyemtoa Mwenyewe

Tangu utoto nina kinyaa na kila kitu kinachoteleza. Nimekulia kwenye mikorosho, kijiji cha upande wa Madimba, ambako mkono ukichafuka umechafuka kwa vumbi, basi. Nikaolewa pwani, Likombe, na mwanamume anayempenda pweza kuliko anavyonipenda mimi. Miaka yote nimempikia huku nimejifunga kanga puani, na sijawahi kuonja hata mchuzi wake.

Nilipovuka hamsini na watoto wakaondoka, nilijikuta sina jambo la kusema hili nimelitaka mimi nikalifanya. Kulea nimelea, kupika nimepika, lakini hayo huulizwi kama unataka. Shoga yangu, mjane wa nyumba ya pili, huenda Mnazi Bay kuchokoa pweza mashimoni kila maji ya bamvua yanapokupwa na kuuacha mwamba wazi. Nikamwambia safari hii tunakwenda wote, na wangu nitamtoa mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi ile nilijipaka majivu mikononi, kama tunavyofanya kwetu tukibangua korosho ili mafuta ya maganda yasituunguze. Nilitaka ute wa pweza usinifikie. Wanawake wa pwani waliniangalia kama wanaangalia mgonjwa. Nilipochovya mkono mara ya kwanza, majivu yote yakaenda na maji.

Sitadanganya kwamba kulikuwa kuzuri. Njia ya mwambani inapita kwenye matope ya mikoko yanayonuka yai viza, nayo yalinimeza hadi magotini. Pempasi zilizotumika zimenasa kwenye mizizi, na waliozitupa wako majumbani wanajifukiza udi. Nikakanyaga jongoo wa pwani, akanitapikia nyuzi nyeupe zinazonata mguu mzima. Nikasema narudi.

"Rudi," shoga akanijibu bila kugeuka. "Ila ukiyavulia nguo maji, mwenzangu, huna budi kuyaoga."

Nikaendelea, nikimtukana kimoyomoyo. Mwambani nikaona shimo lenye maganda ya kaa mlangoni. Nikaingiza nondo aliyoniazima shoga, ikashikwa. Nilipovuta, pweza akatoka akanipanda mkono hadi kwenye kiwiko, wa baridi, ananyonya ngozi huku anatembea. Nilitapika palepale majini, lakini sikumwachia. Shoga alisimama kando amekunja mikono. Kwa desturi yao, mtu hasaidiwi pweza wake wa kwanza, maana atakayemsaidia ndiye mwenye pweza.

"Mgeuze kichwa," akasema. "Cha ndani kije nje, afe."

Ilikuwa kama kugeuza soksi iliyojaa kamasi. Niligeuza huku nalia kwa kinyaa. Mikono yake ilipolegea, nilipata furaha ambayo hata siku ya harusi yangu sikuipata.

Nyumbani nilimtwanga, nikamchemsha, nikamuunga kwa tui zito. Mume wangu akala, akasifu.

"Mtamu huyu. Umemnunua kwa nani?"

"Sikununua. Nimemtoa mwenyewe mwambani."

Akaacha kutafuna. "Mke wangu mimi, unachokoa mashimo na wale wanawake? Watu watasema nimeshindwa kukulisha." Akatema kilichokuwa mdomoni ukingoni mwa sahani, akaisukuma. "Usirudie tena."

Nilikitazama kile kipande kilichotafunwa nusu. Siku ile nilikuwa nimeshika ute, nimepita kwenye pempasi, nimetapika mbele za watu, na hakuna kilichonichefua kama hicho. Nikakitoa kwa kijiko, nikawatupia kuku. Kisha nikavuta sahani upande wangu, nikamega wali, nikachukua mkono wa pweza na vikombe vyake vyote vya kunyonyea, nikala mbele yake. Ulinikwama kooni. Nikaumeza.

Nikamwambia maji ya bamvua yakirudi nitaondoka alfajiri, chai achemshe mwenyewe.