Bukari ya Baba

Kila ninapowasha jiko la umeme na vumbi likaanza kuungua kwenye waya, namwona mama ameinama juu ya resho letu la kwanza, nyumbani Makomeno. Baba alilinunua kwa sababu moshi wa makala, yaani mkaa, ulimzidishia mama kikohozi. Mama alitaka kusonga bukari, ugali wetu, akaweka kiganja juu ya waya uliokuwa ukiiva wekundu polepole.

"Moto ya hivi inachelewa," alisema. "Bukari inataka moto ya nguvu."

"Utazoea, mama," baba akamjibu.

Jioni ile maji yalikuwa hayajachemka umeme ulipokatika. Baba alitaka tule mkate.

"Batoto balale na mukate tu?" mama aliuliza. Akatoa mbabula, jiko letu la makala, akapuliza hadi ikawaka, akasonga bukari huku akikohoa. Mwiko ukamponyoka. Baba akauokota, akamalizia kusonga.

Mama hakupika tena. Baada ya mazishi yake, baba alitupikia kwenye resho. Bukari yake ilikuwa na madonge, na katikati unga mbichi.

"Iko muzuri?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Iko muzuri, baba," tulijibu sote, tukala mpaka ikaisha.