Saa Kumi na Nusu ya Ami Nassor

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo vidole vyangu vinaganda juu ya kibodi. Nilikuwa kijana, nimerudi Unguja kutoka Maskati, na nakwambia bila ya kuona haya kwamba mtaani Kiponda hapakuwa na mwenzangu. Niliondoka hapa sina kitu. Nikaosha magari ya watu, nikajilipia masomo ya jioni mwenyewe, nikarudi na diploma ya kompyuta. Niliitia fremu, nikaitundika ukumbini kwa Ami Nassor, ndugu wa baba yangu. Waliokuja kusalimia waliiona, na waliokuja kuposa waliiona. Ami mwenyewe aliniomba niishushe kidogo, maana ilikuwa imeziba saa.

Ami alikuwa fundi saa, kastaafu. Kila saa ya nyumba ile ilikwenda kwa hesabu yetu. Jua likishatoka na ikawa saa moja ya asubuhi, mshale ulisimama kwenye moja, si kwenye saba. Watu wengi tunaitazama saba tukasema moja, kichwa kinageuza chenyewe. Ami hakutaka kugeuza. Alikuwa akisema, "Saa inayohitaji mkalimani si saa."

Mkewe, Bi Zuhura, ndiye aliyenilea. Alikuwa akitoa dawa katika kituo cha afya shamba, njia ya Kidichi, na macho yake yalikuwa yakififia. Hesabu ya dawa ilifunguliwa katika terminali, yaani lile dirisha jeusi lisilo na picha, unaloandika amri na kompyuta ikakujibu kwa maandishi matupu. Maandishi yale yalikuwa madogo kama mchwa, na sifuri na nane kwake zikawa kitu kimoja. Ikaja habari kwamba mkaguzi atafika asubuhi ya Jumatatu. Bi Zuhura akishindwa kusoma mbele yake, atapumzishwa kazi.

"Wakinipumzisha," alisema, akipepeta mchele bila ya kuutazama, "nitakaa humu ndani na Ami yako na saa zake. Si kifo hicho?"

"Nimekusikia," Ami akajibu kutoka ukumbini.

Nikamwambia, "Mama, hili kwangu ni jambo la mchana mmoja."

Na sikuwa nikijitapa bure. Terminali waliyokuwa nayo haikukubali herufi kubwa zaidi ya pale. Mimi nikachukua msimbo wa nyingine, ule uandishi wenyewe wa programu ambao waliouandika wameuacha wazi kwa anayetaka. Nikaanza kuijenga Jumapili baada ya chakula. Kujenga maana yake unaipa kompyuta ule uandishi, nayo inaugeuza kipande kwa kipande mpaka inapatikana programu inayofunguka. Ilipofunguka ilikuwa bado na herufi zake ndogo, lakini ilifunguka. Adhana ya alasiri ikalia, nikaenda msikitini nikaiacha laptopu juu ya meza, chini ya diploma yangu.

Niliporudi Ami alikuwa kakaa mbele yake, kajaa furaha.

"Saa ya mashine yako ilikuwa imepotea," alisema. "Sasa yasema kumi, na wakati ni saa kumi! Nilipoikuta ilikuwa yasema nne."

"Ahsante, Ami," nikasema. Akili yangu yote ilikuwa kwenye herufi, sikusikia hata nusu ya alichoniambia.

Nikakaa nikabadilisha msimbo. Herufi nikazifanya kubwa kama za kibao cha chuoni, za manjano juu ya weusi, na sifuri nikaikata mstari katikati ili isifanane tena na nane. Niliitazama saa ya pembeni ya kioo. Ikasema kumi na nusu. Na kweli, mwanangu, ilikuwa saa kumi na nusu! Jicho langu la Kiunguja halikuona kasoro. Nikaamuru ujenzi kwa mara ya pili. Kompyuta ikajibu kwamba kila kitu kimeshajengwa, hakuna la kufanya. Nikafurahi kwa wepesi wake. Nikaifunga programu katika kifurushi, ili kompyuta yoyote iweze kuipokea, kisha nikaenda barazani kuwaeleza wenzangu nilichofanya. Sikukifungua kile kifurushi.

Jumatatu tukenda shamba, mimi na Bi Zuhura, naye kavaa baibui lake jipya. Mkaguzi alikuwa mwanamke mpole, akamwamkia shikamoo kwa heshima. Nikakiingiza kifurushi katika kompyuta ya kituo mbele ya watumishi wote, nimesimama kifua mbele. Nikasema, "Tazameni."

Dirisha likafunguka. Mchwa wale wale.

Nikalifunga, nikalifungua tena. Mchwa! Bi Zuhura aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akasema taratibu, "Vidonge hivi viko themanini na nane." Vilikuwa themanini. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Akaninong'oneza, "Baba, si ulisema umemaliza?"

Mkaguzi akatazama chini. Akasema ana kituo kingine mbele, akirudi atapita tena, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayeaga msiba.

Nikafungua laptopu pale pale. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi, na kompyuta ya kituo ikaisema kwa lugha yake, yaani tisa na kumi. Yangu ikasema tatu na kumi. Nikatazama hii, nikatazama ile. Lahaula! Ami alikuwa ameirudisha mashine nyuma kwa saa sita. Sasa, ile programu ya ujenzi haisomi ulichoandika. Inatazama saa tu: msimbo ukiwa mpya kuliko kipande kilichojengwa, inakijenga upya, ukiwa wa zamani, inakiacha. Vipande vyangu vya mwanzo vilipigwa muhuri wa mchana, kabla Ami hajaigusa saa. Mabadiliko yangu, niliyoyaandika baadaye, yakapigwa muhuri wa asubuhi ya siku hiyo hiyo, maana kumi na nusu ya mashine ni saa nne na nusu yetu. Kwa macho ya mashine, herufi kubwa zilikuwa mambo ya kale. Ikazipita.

Niliirekebisha saa, nikagusa msimbo upya, nikajenga, nikafunga kifurushi kingine. Na safari hii nilikifungua mwenyewe kwanza, katika kompyuta ya kituo. Zikatoka herufi kubwa, za manjano. Bi Zuhura akatoa sauti ndogo, akakaa kitini.

Mkaguzi aliporudi, Bi Zuhura alisoma dawa moja baada ya moja, ameegemea nyuma kama mtu anayesikiliza taarabu. Mkaguzi akataka kumjaribu kwa kitu asichokizoea. "Na pale juu, Bi Zuhura, saa ngapi?"

Pale juu paliandikwa moja na robo.

"Hiyo yenu moja na robo," akasema. "Yetu saa saba na robo. Na mimi nina njaa."

Alibakia kazini mpaka alipochoka mwenyewe.

Jioni nilimweleza Ami. Hakuomba radhi. "Saa yangu haikusema uongo," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa na mtumishi mgeni ndani ya nyumba, na hukumwambia humu tunahesabu vipi." Nikaiendea fremu, mimi mwenye diploma. Nikaishusha kidogo, kama alivyotaka.

Basi, mwanangu, fanya utakalo katika kazi hii, maana mimi nimefanya makubwa baada ya siku ile na bado nafanya. Lakini mashine ikikwambia hakuna la kufanya, usiifurahie, iulize inatazama saa ya nani. Na kitu chochote utakachomfungia mtu, kifungue wewe kwanza, katika mashine isiyokuwa yako, kabla hajakiinamia aliyekuamini. Hesabu yetu usiione haya wala usiiache. Mwambie tu mgeni kabla hajaanza kazi.

Mungu ayatie nuru macho yako, akupe mkono mwepesi na mtu wa kukuuliza kama kweli umemaliza. Amin.