Ukoga Kwenye Tangi la Rahabu

Watu wa kwetu kumpa mtu jina baya hawajambo. Kumvua sasa, hapo utawasubiri mpaka uote mvi. Mama mdogo wangu Rahabu walimwita mchoyo mwaka wa Uhuru, ile njaa ya mahindi ya njano, na jina likamganda. Wifi yake Yudith alimjia na kikapu, mtoto mgongoni. Rahabu akamwambia, "Wifi, unga sina." Na kweli hakuwa nao. Alikuwa na mbegu tu, za kupanda, zimetundikwa darini juu ya moshi. Yudith akainua macho, akaziona. Hakusema neno pale. Alikwenda kulisema kanisani.

Mbegu zile zilipandwa, zikavunwa, Yudith akapelekewa debe zima. Nani alilitangaza hilo? Hakuna! Tangu hapo mama mdogo akawa mtu wa kuinamisha macho. Ukifika kwake atakujazia sahani mpaka uombe msamaha, naye amesimama pembeni anakuangalia unavyotafuna.

Basi, mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, Mzungu mmoja wa kule chini Mazinde akafungasha vyake, akaiachia nyumba ya wageni aliyozoea kulala hapa Lushoto tangi lake la kioo. Ndani mna maji ya bahari, matumbawe, na samaki wadogo wa rangi ambao huku milimani hatujawahi kuwaona. Rahabu alikuwa mfagizi pale, akakabidhiwa yeye. Hamisi, dereva wa lori, kila akitoka Tanga alimpandishia pipa la maji ya bahari.

Jamani, alivyowalisha! Dagaa wa kutwanga asubuhi, mchana na jioni. Samaki akigeukia tu upande wake, yeye ameshaona njaa. Wageni nao wakatupia makombo ya mkate, wala hakumkataza hata mmoja. Haukupita muda ukoga wa kijani ukaota kwenye kioo, ukayavaa mawe, ukarefuka kama nywele. Akiusugua leo, kesho umerudi. Samaki wakaanza kufa. Akawa anawazika nyuma ya jiko, chini ya migomba, peke yake, kwa aibu.

Hamisi ndiye aliyemfungua macho. "Dada Rahabu, wewe si unalima kabichi? Samadi kazi yake nini?"

"Kuotesha."

"Haya. Chakula wasichokimaliza kinaozea mle chini. Unautilia ukoga samadi, dada yangu! Wape kidogo sana, tena siku moja wale, siku moja wapumzike. Na dirisha hilo liwekee pazia, jua limezidi."

"Niwanyime chakula, Hamisi? Watu watasema nini?"

"Watasema. Kwani wameacha lini?"

Akajaribu. Wakabadilisha maji, akaunyonyoa ule ukoga kwa vidole kama anayepalilia, akatundika pazia. Mgeni akiuliza mbona samaki hawapewi kitu, anamdanganya kwamba wameshiba sasa hivi. Lakini mawe yakaanza kuonyesha wekundu wake, na samaki watano waliobaki wakachangamka. Siku moja nilimkuta anaimba. Nilifurahi, maana tangu utoto wangu sikuwahi kumsikia akiimba nje ya kanisa.

Ndipo Jumapili moja, baada ya ibada, wakaja watu wa kijijini kutazama. Yudith alikuwemo, na binti yake Raheli, yule yule aliyebebwa mgongoni mwaka wa njaa, sasa msichana wa shule. Mkononi ana andazi.

"Mbona mmewafungia pazia kama wali wa unyago?" akasema Abrahamu, jirani yetu, mtu asiyejua kufunga mdomo. Watu wakacheka.

Raheli akasogea. "Shikamoo, shangazi. Naweza kuwapa kidogo?"

"Marahaba, mwanangu. Wameshakula."

Mtoto akabandika uso kwenye kioo. "Mbona wanafumbuafumbua midomo?"

"Alaa! Rahabu, hata samaki?" Abrahamu akapiga makofi. "Mama, siasa ya sasa ni ujamaa, acha ubepari!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Yudith hakucheka. Aliinua macho kwenye rafu, akakiona kikopo cha dagaa, kimejaa pomoni. Mimi nilimwona mama mdogo akimwona Yudith. Uso ulimshuka, nikatamani ardhi itumeze sote wawili.

"Mama mdogo, usi..." nikaanza.

"Wape, mwanangu," Rahabu akamwambia Raheli. "Wape tu. Nyote wapeni."

Mtoto akatumbukiza andazi lote. Wengine wakafuata, huyu mkate, huyu kiazi. Rahabu mwenyewe akakishusha kikopo, akamimina. "Kumbe mkarimu hivi!" wakasema. Abrahamu akamshika mkono, wanawake wakampongeza, naye akatabasamu kwa kila mmoja huku vipande vinazama. Nilikasirika mpaka leo sijapoa. Miaka yote ile alikuwa anangoja kuambiwa neno hilo, na alijua fika analilipia kwa kitu gani.

Siku ya pili yake maji yalikuwa yananuka. Ya tatu, huwezi kuona ndani kwa ukoga, na samaki wote watano walikuwa wakielea, matumbo juu. Tulimkuta akiyachota yale maji kwa kata na kuyamwaga uani.

Habari zilifika kijijini, na Yudith akaja, kwa mguu, na kanga ya msiba. Akamkumbatia. Hakuwa amemkumbatia tangu mwaka wa Uhuru.

"Pole, wifi yangu. Usijilaumu," akamwambia. "Angalau hawa hukuwanyima."

"Asante, wifi," akasema Rahabu. Macho yake yalikuwa chini, kwenye miguu yake iliyolowa yale maji.