Kofia ya Mzee wa Saruji

Hadi leo sielewi kwa nini mtu mwenye akili zake amweke mzee nje, kwenye maua, anyeshewe na mvua. Ninatengeneza vyungu vya maua na simba wa saruji kando ya barabara Nyakato, kazi niliyorithi kwa baba. Simba namwelewa, analinda geti. Lakini mama mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa mjini, aliniletea kisanamu cha mzee kisichofika magotini, chenye ndevu, kitambi na kofia nyekundu iliyochongoka, akataka nimtengenezee kingine. Chake kilianguka ukutani, uso wote ukabanduka.

"Ni nani huyu?" nikamuuliza.

"Wa bustani tu, dada. Kaka yangu alinitumia kutoka Ujerumani. Anasema zamani huko waliwafinyanga kwa udongo, wakiwafananisha na wachimbaji wa migodini. Kofia zao walizijaza majani, mwamba usiwapasue kichwa."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Mchimbaji anatafuta nini kwenye maua? Nikauliza kabla ya kuanguka alikuwa na sura gani. Akasema sura ya mzee, anacheka. Kana kwamba wazee wote wamezaliwa tumbo moja.

Kazi yetu huanza na udongo. Ukisharidhika na mfano wa udongo, unaupaka mafuta, unauzungushia plasta upate kalibu, kisha unamimina saruji ndani ya kalibu. Mwili ulikuja upesi. Uso ukanigomea. Nikaufuta, nikaurudia, nikaufuta tena, hasira zikanipanda, mwisho nikaiacha mikono ifanye itakavyo.

Mama yangu akaja na chakula cha mchana. Akaweka hotpoti chini, akasimama mbele ya ule udongo. Ndipo na mimi nikaona. Alikuwa baba, ambaye kabla ya saruji alichimba dhahabu Geita, na ambaye tulimzika mwaka juzi. Nikangoja mama alie, au anigombeze.

"Pua siyo hii," akasema. Akalowesha kidole gumba, akaibonyeza kidogo upande wa kushoto, akaenda zake.

Sikujua kama nimeruhusiwa au nimekatazwa. Nikamimina. Waya niliupitisha kutoka shingoni hadi kwenye ncha ya kofia ili kichwa kishike, na kilipokauka nikapaka rangi. Mama aliporudi akasema huyu hauzwi, anakwenda nyumbani, sebuleni.

"Lakini umvue kofia. Baba yako hajawahi kukaa ndani na kofia kichwani."

Ni kweli. Hata nyumba ilipokuwa haijaezekwa, alivua kofia akipita mlangoni. Nikachukua tindo na nyundo, nikaweka tindo kwenye ukingo wa kofia, mkono ukakataa.

"Mama, siwezi. Chini ya kofia hakuna kichwa. Sikukitengeneza. Nikikata, atapasuka mpaka shingoni."

"Hakuna kichwa," akarudia, taratibu, kama anayejifundisha. Akakaa juu ya mfuko wa saruji, na hapo ndipo alipolia. Siku ya mazishi hakulia, alishinda akiuliza kama wageni wamekula. Nilisimama na tindo mkononi nisijue niiweke wapi, nikiwa na huzuni na aibu kwa pamoja, wala sikuelewa aibu ilikuwa ya nini.

Yule mama wa duka nilimtengenezea mwingine. Kwa kuwa kila uso niliojaribu ulitoka wa baba, nikamshushia mzee kofia hadi machoni, zikabaki pua na ndevu tu. Akafurahi mno, akasema siku hizi ndivyo walivyo huko Ulaya. Hapo pia sikuelewa, ila nilimshukuru Mungu.

Baba yuko barazani. Mama ndiye aliyeamua, alisema barazani mtu anaruhusiwa kofia, maana huenda ndiyo kwanza anaingia. Tangu msiba alikuwa hapakalii pale. Sasa anamenyea viazi hapo, mgongo kwa barabara, uso kwa baba. Mvua ikija na upepo wa ziwani humsogeza ukutani mwenyewe, ingawa ni mzito, na hataki nimsaidie.