Mihogo Ndani ya Mfuko wa Brekfasti

Mume wangu alikuwa mtu wa barafu. Alikuwa na friza mbili kubwa sebuleni kwetu hapa Nchelenge, na wachuuzi wa samaki wa Kashikishi walikuja alfajiri kununua mabonge ya kupakia kwenye masanduku yao kabla ya safari ya Mansa na mbele zaidi. Miaka ile tulikula vizuri, naye akanenepa shingo. Alipenda kuwaambia watu kwamba bila yeye samaki wa Ziwa Mweru wangeozea ufukweni, na sikumbuki mtu yeyote aliyemuuliza.

Kisha mvua ikagoma, mabwawa ya umeme yakakauka, na umeme ukaanza kuja saa chache usiku, baadaye hata hizo chache zikawa za kubahatisha. Barafu haigandi kwa ahadi. Friza moja niliigeuza kabati la nguo za watoto. Ya pili alikataa nisiiguse. Kila asubuhi aliifungua, akachungulia ndani, akaifunga taratibu. Kilichobaki kuingia nyumbani ni faida yangu ya chisense, wale samaki wadogo ninaowaanika mchangani na kuwauza kwa kopo sokoni. Tulizoea kuishi kwa kazi mbili, sasa ilikuwa moja, na ilikuwa yangu.

Mimi nimezaliwa ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo, na kwetu mambo yameharibika mara nyingi mno kiasi kwamba hatupotezi muda kushangaa. Sabuni niliikata vipande vidogo. Mafuta nilinunua ya kupima, kama nusu ya mtaa wetu, ila mimi sikuyabeba ndani ya chupa kubwa kudanganya macho ya watu, kama wafanyavyo majirani fulani ambao siwataji. Hayo yote yalikuwa mepesi. Kazi ngumu ilikuwa imekaa mezani kila jioni, imenawa mikono, inasubiri chakula.

Mume wangu hakuwa mtu wa kula mihogo. Alizaliwa hapahapa, ambapo bukari, ugali wetu, hupikwa kwa unga wa muhogo tangu enzi za babu zake, na alilishwa huo mpaka akaota ndevu. Lakini siku aliponunua friza ya kwanza alitangaza mbele ya dada yake na mbele yangu kwamba muhogo hautaingia tena mdomoni mwake. Tangu hapo tukala unga wa mahindi, ule mweupe laini wa bei ya juu ambao Zambia nzima wanauita brekfasti hata ukiliwa usiku. Ukame ulipoharibu mahindi, bei ya mfuko ule ilipanda mpaka nikawa nauangalia tu dukani, kwa heshima, na kupita.

Na shamba la mihogo tulikuwa nalo. Nililima mwenyewe, nyuma ya mji, miaka yote ile ya barafu, huku yeye akiliita shamba la Wakongomani. Mihogo haikuwa na habari na ukame. Ilikaa chini ya udongo ikinenepa, na mimi nikaanza kuitazama kwa jicho jipya.

Mwanzo nilitia kikombe kimoja cha unga wa muhogo ndani ya ndoo ya brekfasti. Alikula, akashukuru, akalala. Wiki iliyofuata nikatia viwili. Wifi yangu, dada yake mkubwa tunayepakana naye ua, ndiye aliyeloweka mihogo kwake, akaisuuza sana na kuianika juu ya bati lake ili harufu isifike kwetu.

"Mulamu, yule akijua atatufukuza shiye wote wawili," alikuwa akiniambia, mulamu kwao ni wifi, huku akicheka mpaka anashika ukuta.

Unga wenyewe niliumimina ndani ya mfuko uleule wa zamani wa brekfasti. Mfuko ulichakaa mpaka picha ya mahindi ikafutika kabisa, na bwana wetu hakushuku kitu. Nilipunguza mahindi polepole, mwishowe yakabaki ya kunukia tu. Pesa niliyookoa ililipa karo ya watoto, na hakuna aliyerudishwa nyumbani muhula ule.

Yeye alizidi kufurahi. "Siku hizi bale bantu ba mashini banasaga muzuri," aliniambia jioni moja akikata tonge. "Bukari inashika tumbo." Na barabarani, mbele ya rafiki zake ambao nao hawakuwa na kazi, nilimsikia kwa masikio yangu akisema kwamba nyumbani kwake hali haijafikia kula mihogo. Nilikuwa uani naosha masufuria. Nilikohoa ili nisicheke.

Basi kicheko kile kikaniponza. Akatokea mtu kutoka Puta aliyetaka lile shamba ajenge nyumba ya wageni. Mume wangu akaona mlango umefunguka: tuuze shamba, tununue sola na betri, friza iamke. Mimi nimeziona betri za watu wengi. Zinafanya kazi, halafu siku moja zinakufa, na mwenyewe anabaki kuzigeuza viti. Chisense nayo, mwezi ukiwa mkubwa, haivuliwi. Bila shamba, tungekaa na sahani tupu tukisubiri umeme. Nasema bila kuficha, niliogopa, kwa sababu lile shamba ndilo lililokuwa limetusimamisha.

"Baba ya batoto," nikamwambia, "ile shamba tusiuzishe."

"Juu ya nini? Inatuleteaka nini mu nyumba? Miye ata siku moja sijaona kitu kinatoka kule."

Tonge la lile shamba lilikuwa mkononi mwake.

"Iko na faida," nikasema.

"Faida gani? Onesha."

Ningeonesha nini? Nilikuwa nimeificha faida kwa ustadi mpaka nikamnyima sababu ya kutoliuza shamba. Na kumwambia ukweli ni kumvua shati katikati ya soko, mtu ambaye alishapoteza kila kitu cha kujivunia isipokuwa hicho kimoja, kwamba kwake hawali mihogo, tena cha uongo. Nikamkasirikia yeye badala ya kujikasirikia mimi.

Siku chache baadaye alirudi na mfuko mpya wa brekfasti kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Mtu wa Puta alikuwa amempa avansi, yaani malipo ya kwanza, na kesho yake wangemalizia maneno mbele ya mfumu, mkuu wa kijiji. Alinikabidhi mfuko akitabasamu, akasema ule wetu ulikuwa umezeeka. Niliingia jikoni, nikawasha mbaula, jiko la mkaa, kwa hasira, nikapika ule unga wake kama ulivyo, bila hata kijiko cha muhogo, maana sikuona tena faida ya kuchanganya.

Alikata tonge la kwanza, akalitafuna, akaacha.

"Iko nini hii?"

"Bukari."

"Hapana. Inavunjika. Haina nguvu." Akajaribu tena, akanusa. "Bale ba duka bameniuzisha bunga ya mubaya!"

Akasimama, akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba, akaubeba begani kwenda kuwafokea. Dukani saa ile kunajaa watu, na hakuna mtu Nchelenge asiyeijua brekfasti. Nilimwona akilini tayari akiwa kaunta, akipiga kelele kwamba brekfasti yao si brekfasti. Niliziba mlango kwa mwili wangu.

"Kaa chini. Hiyo ndiyo brekfasti yenyewe."

"Na ile yetu ya kila siku?"

"Mihogo. Ya shamba."

Aliutua mfuko. "Tangu lini?"

"Tangu bei ya brekfasti ipande."

"Nani anajua?"

Nikamwambia: watoto, dada yake, na fundi wa mashini anakosaga. Hakunitukana. Alikwenda akakaa juu ya friza yake, na sahani ikapoa. Asiyemjua angedhani ameudhiwa na uongo wangu. Mimi nilijua anakumbuka moja baada ya nyingine mara zote alizojisifu barabarani. Nilimhurumia, lakini kumwomba radhi sikuweza. Watoto walikuwa wanasoma, karo imelipwa.

Asubuhi mtu wa Puta alifika pamoja na mfumu, na kwa kuwa wageni wawili hawawezi kusimama uani kwa mtu bila mtaa kujua, watu wakasogea, rafiki zake wa barabarani wakiwa mbele. Mume wangu alitoka na pesa mkono mmoja na mfuko wa brekfasti mkono wa pili.

"Avansi yako hii," akasema kwa Kibemba. "Haijatimia. Kilichopungua kiko ndani ya mfuko huu. Tumeonja sufuria moja tu."

Mtu wa Puta akauliza kama kuna mwingine ameongeza bei. Hapana. Basi shamba lina nini la kumfanya mtu akatae pesa, akauliza, wakati yeye alilizunguka lote na kuona mihogo mitupu?

Wifi yangu alikuwa ameegemea uzio, mkono mdomoni. Nilijua mume wangu anaweza kutunga jibu zuri pale pale, kwa kutunga hana mwenzake, na nilikuwa tayari kulikubali lolote. Akawatazama rafiki zake, akanitazama mimi. Nilimpenda dakika ile.

"Hiyo mihogo ndiyo chakula changu," akasema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Mimi na watoto wangu tunaila kila siku. Nikikuuzia, kesho watakula nini?"