Mama Mkwe Ameitwa Mchawi, Nami Nimenyamaza na Asetoni Yangu

Admin nifiche, Masasi hapa tunajuana. Nina miaka 31, ndoa ina miaka sita, mtoto sina. Mimi ni fundi wa amplifaya na chaja za sola, na bodi za saketi natengeneza mwenyewe. Mchoro nauchapa kwa printa ya wino wa unga, naulaza juu ya kibao cha shaba, namwagia asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, nimeichanganya na spiriti, nakandamiza mpaka wino uhamie kwenye shaba. Hapa mjini hakuna fundi ananifikia, msibishe! Ila nafanyia chumbani tunamolala, na dirisha nafunga ili dawa isikauke haraka.

Mimba tatu zimetoka. Ya tatu, nesi akaniuliza, "Unafanya kazi gani? Unashika kemikali?" Nikamjibu nauza vitenge. Niliogopa ataniambia niache, na jamani, hii ndiyo kazi pekee niliyoiweza maishani. Mpaka leo sijui kama ni dawa zile, sijamuuliza mtu.

Mume wangu naye akaenda kwa mganga, akarudi na jibu: mchawi ni mama yake mzazi. Mama huyo huyo aliyenipikia uji na kunifulia kila mimba ilipotoka! Akamfokea mbele ya majirani, "Mama, utakula wajukuu mpaka lini?" Mama hakubisha. Alifunga kanga zake akapanda gari kwenda Newala kwa dada yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni, sikusema kitu.

Mwezi uliopita nikamfuata. Nikamkuta kwenye foleni ya maji na ndoo zake, umri ule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nilikwenda kusema ukweli, wallahi. Kabla sijafungua mdomo akanishika mikono. "Mwanangu, labda uchawi ninao bila kujijua. Kama ni mimi niliyewala wanao, nisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe. Ndivyo nilivyojibu, mimi!

Sasa nina mimba ya nne, miezi miwili. Kliniki sijakanyaga, wataniuliza tena kazi yangu, na leo asubuhi nimetengeneza bodi mbili. Nikisema, mume ataniacha. Nikinyamaza, mama wa watu atazikwa Newala akiamini aliwala wajukuu zake. Nitukaneni mkitaka, ila mniambie, naanzia wapi?